Wacheni Kufomati Laptopu Juu ya Sauti

Wasee, leo nimekasirika, mnivumilie. Kuna neno moja nataka tulizike: fomati. Laptopu ikichelewa kuwaka, fomati. Ikikohoa, fomati. Programu ya nota ikikataa kutoa sauti, mtu anakuangalia kwa huruma kama daktari wa wodi, anakwambia, "Hii inataka kufomatiwa tu."

Mwezi wa nne nilikuwa natungia kwaya yetu wimbo, sauti nne, baa 64 (za muziki, si za pombe). Natumia MuseScore kwa sababu ni ya bure. Jioni moja nabonyeza kucheza, ule mstari unatembea juu ya nota vizuri tu, lakini kimya. Kimya ya makaburini. Nikapeleka kwa fundi. Hakuuliza swali hata moja. Elfu moja mia tano, siku mbili, laptopu ikarudi safi kama imezaliwa jana. Sauti ilikuwepo. Wimbo haukuwepo.

Nilikuwa na bakapu? Sikuwa. Hiyo ni juu yangu, msianze.

Kinachoniuma ni kwamba sauti ilirudi, so kila mtu akaamini fundi alikuwa sawa. Hata mimi. Mpaka wiki tatu baadaye, kimya ile ile. Safari hii sikuwa na pesa, ikabidi nifikirie.

Sikieni. Faili ya nota haina sauti ndani yake. Ina maagizo: soprano aimbe nota hii, kwa muda huu. Programu inasoma maagizo, inachukua sauti kutoka maktaba yake, halafu inaituma kwa kifaa fulani, iwe spika, iafoni au skrini. Sasa YouTube ilikuwa inaimba kwa laptopu hiyo hiyo. Maana yake spika ni nzima na Windows ni nzima. Shida iko kwa MuseScore. Kufomati diski nzima hapo ni kubomoa nyumba juu ya balbu moja kuungua.

Nikafungua mipangilio ya programu, upande wa sauti na MIDI. Kumbe ilikuwa bado imeng'ang'ania ile spika ya Bluetooth ya kwaya. Spika iko kanisani imezimwa, mimi niko nyumbani nalia. Nikachagua spika za laptopu. Dakika mbili. Na ile mara ya kwanza? Pia nilikuwa nimetoka mazoezi, na spika ile ile.

Ndiyo maana fomati inaonekana kama dawa. Inafuta mipangilio yote, pamoja na ule mmoja mbovu. Lakini MuseScore yenyewe, kwa menyu ya Help, ina amri ya kurudisha mipangilio ya kiwandani. Utapoteza mipangilio uliyojiwekea, pamoja na njia za mkato. Nyimbo haziguswi.

Kabla hata ya kufika hapo, bonyeza F10 uone kila sauti kivyake. Herufi M ikiwashwa, sauti hiyo imenyamazishwa. S ndiyo inachanganya watu: ukiiwasha kwa mstari mmoja, mingine yote inanyamaza, na kama mstari huo hauna nota, hutasikia kitu. Kama ulichagua zile Muse Sounds na hujazipakua vizuri, rudi kwa MS Basic, inakuja na programu. Na wewe wa Sibelius ya flashi ya mtaani, maktaba kubwa ya sauti hupakuliwa kando, ni makumi ya gigabaiti. Labda sauti haijapotea. Labda haikuwahi kuingia.

Najua mtasema fundi naye anakula. Akule! Lakini alipwe kwa kuangalia, asilipwe kwa kufuta. Fundi asiyeuliza "sauti imepotea kila mahali ama kwa programu moja?" hajaanza kazi bado. Na asiyeuliza "kuna faili unataka niweke kando?" usimwachie laptopu, hata akiwa binamu yako.

Mwalimu wetu wa kwaya alinicheka. Yeye huandika solfa kwa daftari, anasikia sauti zote nne kichwani, na daftari halifomatiwi. Sawa mwalimu, umeshinda. Lakini sisi ambao bado tunajifunza tunahitaji kusikia alto akigongana na tenor ndiyo tujue tumekosea, na laptopu ndiyo mwalimu wetu saa tano usiku.

Wimbo nimeuandika upya mpaka baa ya 41, kutoka kwa kopi ya dada mmoja wa alto iliyomwagikiwa chai. Ukurasa wa tatu hana. Kama wewe ni wa tenor na bado unao, tafadhali upige picha unitumie inboksi. Hata kama umekunjwa.