Kabla ya Kuuliza Bei ya Spea

Ndugu zangu wenye magari, ninyi wa IST ya kwendea kazini na ninyi wa Hiace ya abiria, nina ombi. Mnapoingia kwenye maduka ya Gerezani kutafuta spea, msianze na bei. Jiulizeni kwanza: kifaa hiki kikifa njiani, gari litagoma kwenda au litagoma kusimama?

Taa ya nyuma, bampa, kioo cha pembeni, kitasa cha mlango, hivyo chukueni vya bei nafuu bila wasiwasi. Mtumba uliofunguliwa kwenye gari la Japani mara nyingi hukaa vizuri kuliko kipya cha kuiga.

Pedi za breki, boljointi, tairodi, beringi za magurudumu na matairi ni habari nyingine. Pedi duni yaweza kushika vizuri mjini. Fundi akaijaribu hapo gereji, mkaridhika wote. Shukeni nayo mteremko wa Kitonga, gari limejaa watu na mizigo. Mguu hautoki kwenye breki, joto linapanda, na pedi inaanza kuteleza juu ya diski. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea: pedali inazama, gari halipungui mwendo.

Siwatumi mkanunue boksi lenye jina la Toyota kila mara. Wengi wetu hatuna uwezo huo, wala hauhitajiki. Aisin, Denso na KYB huviuzia viwanda vya magari vifaa, na vilevile huuza kwa majina yao wenyewe, mara nyingi kwa bei ya chini kidogo. Njia hiyo ya kati ndiyo ninayowasihi muifuate. Nendeni na namba ya chesisi ili muuzaji apate namba sahihi ya kifaa. Jina kubwa kwa bei ya kutupa litilieni shaka, na risiti msiiache dukani. Mkiuziwa feki, ndiyo mtakayoishika mkienda kulalamika Tume ya Ushindani.

Na mafundi wetu tuwalipe. Tunambana fundi kwenye ufundi wake, tunamtuma dukani peke yake, kisha tunashangaa kwamba amepata cha juu kwenye spea ya hovyo. Mpeni haki yake, nendeni naye dukani, naye atakuwa huru kuwaambia ukweli. Nanyi wenye maduka, mwambieni mteja waziwazi anachukua kifaa cha daraja gani, hata kama ana haraka.

Wamiliki wa daladala nawaomba zaidi, kwa kuwa abiria wenu hawana nafasi ya kuchagua pedi. Dereva akisema breki zimeanza kulia, msimwambie alete hesabu kwanza.

Wiki hii mwambieni fundi afungue magurudumu ya mbele, awaonyeshe unene wa pedi. Zikibaki milimita 3, badilisheni za kushoto na kulia kwa pamoja, na mafuta ya breki yakiwa na zaidi ya miaka 2, yamwageni mtie mapya siku hiyohiyo.