Wanaojua mwanariadha analala wapi waulize pia kama yuko salama

Agosti 11, 2024, Rebecca Cheptegei alimaliza wa 44 katika marathoni ya Olimpiki jijini Paris, akiiwakilisha Uganda. Wiki tatu baadaye, Jumapili ya Septemba 1, alimwagiwa petroli na kuwashwa moto nyumbani kwake Endebess, Kaunti ya Trans Nzoia, nchini Kenya. Alikuwa ametoka kanisani na watoto wake. Alipelekwa Kitale, kisha akahamishiwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na huko akafariki Septemba 5 akiwa na umri wa miaka 33. Mwanamume aliyewahi kuwa mpenzi wake, ambaye polisi walimtaja kuwa mshukiwa, naye akafa siku chache baadaye kwa majeraha ya moto huohuo. Chifu wa eneo hilo aliripoti kwamba wawili hao walikuwa wakizozania ploti ilipojengwa nyumba. Mshukiwa alipokufa, kesi nayo ikafa, na jambo zima likaachwa kama ugomvi wa wapenzi uliovuka mpaka. Mimi naliona kuwa jambo la kazi, na wanaoendesha riadha ya kulipwa hawawezi kulikwepa.

Tuanze na hiyo ploti. Wazazi wa Cheptegei walisema alinunua ardhi Trans Nzoia ili awe karibu na vituo vya mazoezi. Yaani mahali pale palikuwa sehemu ya kazi yake. Riadha haimlipi mkimbiaji wa barabarani mwisho wa mwezi wala haimpi pensheni, na miguu yake ina miaka michache tu ya kuleta pesa. Akishinda mbio Ulaya au Uarabuni, donge lile analigeuza haraka kuwa shamba, ng'ombe wa maziwa au nyumba za kupangisha, kwa kuwa hiyo ndiyo akiba itakayomlisha akistaafu. Ndivyo ilivyo kuanzia Kitale hadi Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon iliyomlea Ben Jipcho, mshindi wa fedha ya Olimpiki ya mwaka 1972 katika kuruka viunzi na maji, na Linet Masai, bingwa wa dunia wa mita 10,000 kule Berlin mwaka 2009. Kwa hiyo anayemnyang'anya mwanariadha shamba amemnyang'anya mshahara wa miaka yote aliyokimbia, na anayemtisha kwa sababu ya shamba hilo anamtisha kwa sababu ya kazi yake.

Sasa tazama jinsi michezo yenyewe inavyomfuatilia mwanariadha huyo. Aliye kwenye orodha ya juu ya kupimwa dawa za kusisimua misuli hutakiwa kueleza kila siku anakolala, na kutaja saa moja, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku, ambayo lazima apatikane mahali alipotaja. Akikosekana au akikosea kujaza mara tatu ndani ya miezi 12, anaweza kufungiwa hadi miaka miwili. Mpimaji hubisha hodi kabla jua halijachomoza, akaketi sebuleni na kumsubiri mkimbiaji atoe mkojo. Sina ugomvi na utaratibu huo, maana bila huo mshindi halali huibiwa medali yake. Ila unathibitisha kwamba riadha ina uwezo wa kuingia nyumbani kwa mchezaji inapotaka. Ukifika mlangoni mwa mtu alfajiri kutafuta ushahidi dhidi yake, huwezi kudai kwamba usalama wake nyuma ya mlango huohuo haukuhusu.

Upo upande wa sheria pia, ambao wengi huujua wakiwa wamechelewa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi nchini kwa mkataba wa kukodi tu, usiozidi miaka 99, na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inaizuia bodi kuidhinisha shamba la kilimo kuuzwa kwa mgeni. Mkimbiaji wa Bukwo au Kapchorwa, upande wa Uganda, anayetaka kutulia karibu na Kitale hujikuta akishawishika kuandikisha shamba kwa jina la mwenyeji anayemwamini. Mwenzake aliye raia naye, kwa kuwa yuko kambini au safarini, humwachia mume au kocha asimamie ununuzi, na hatimiliki ikitoka ina jina la aliyekuwa nyumbani. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hugawa mali kwa kutazama mchango wa kila mmoja, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe. Mchango lazima uthibitishwe. Asiye na risiti ana kibarua kigumu, na waliokaa pamoja bila ndoa wako nje kabisa ya sheria hiyo.

Watakuwapo wa kusema siri ya mtungi aijuaye kata, na kwamba chama cha michezo hakina nafasi katika mambo ya mke na mume. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama tukio la Endebess lingekuwa la kwanza. Oktoba 2021, Agnes Tirop aliuawa kwa kudungwa kisu nyumbani kwake Iten akiwa na miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji na akakana. Aprili 2022, Damaris Mutua alipatikana amekufa katika mji huohuo. Wanawake watatu wa fani moja, katika ukanda mmoja, ndani ya miaka mitatu. Wangekuwa wachimba migodi, tungekuwa tumemuuliza mwenye mgodi maswali.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wanawake wengi huteswa bila kuwa wanariadha, kwa nini hawa watengewe ulinzi wao? Kweli, Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake nchini wamepigwa au kuumizwa mwilini tangu wafikishe miaka 15, na Bungoma iliongoza kaunti zote kwa asilimia 62. Lakini takwimu hizo zinaipa nguvu hoja yangu. Riadha inasajili wasichana kutoka maeneo ambako hatari inajulikana kwa nambari, kisha inawaongezea pesa za ghafla zinazowavuta wanaume wanaojiita makocha na mameneja. Mwajiri wa muuza duka au mwalimu naye ana wajibu wake, na michezo ikitimiza wa kwake haimpunguzii mwanamke mwingine chochote.

Pingamizi la tatu ni la fedha. Mwishoni mwa mwaka 2022, Kenya iliponusurika kufungiwa kwa sababu ya dawa, serikali iliahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano kupambana na uovu huo. Fedha zilitajwa kwa kuwa jina la nchi lilikuwa hatarini. Ninachopendekeza hakihitaji hata sehemu kubwa ya kiasi hicho, wala hakimfanyi mwanariadha mtoto wa kuchungwa. Wanariadha wenyewe walitangulia: baada ya kifo cha Tirop, wenzake walianzisha Tirop's Angels kuwasaidia wanaodhulumiwa. Kosa ni kuwaachia wao mzigo ambao wenye mamlaka wanaweza kuubeba.

Chama cha Riadha Kenya kiwatake mawakala walipe donge la mshindi kwenye akaunti yenye jina lake peke yake, na mtu asisajiliwe kuwa kocha au meneja huku akishika kadi ya benki ya mchezaji wake. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zilipe wakili wa kupatikana siku maalumu Kitale na Kapsokwony, asome mkataba wa ardhi kabla mkimbiaji hajatia sahihi, akiwemo yule aliyevuka mpaka kutoka Uganda. Na malalamiko ya vitisho yakiandikwa kituo cha polisi, chama kipewe nakala kwa idhini ya mlalamishi, ili awepo wa kumuuliza mkuu wa kituo (OCS) kila wiki faili imefika wapi. Hakuna kati ya hayo linalosubiri Bunge kutunga sheria mpya. Yanaweza kuanza kabla ya msimu ujao wa mbio za nyika, na kiongozi wa riadha atakayekataa atueleze kwa nini mkojo wa mwanariadha unastahili bajeti kuliko uhai wake.