Twendeni Tukamhesabu Kima Punju

Ndugu zangu wa Pete, Charawe, Ukongoroni na Uzi, na nyote mnaoamka mkamkuta kima punju juu ya miembe yenu,

Asubuhi moja nilikaa chini ya mkungu na mwenzangu, yeye ameshika daftari. Kundi lilikuwa likitoka mikokoni kuja mashambani. Ndani ya msitu kima hahesabiki: utaona mkia hapa, tawi likitikisika pale. Lakini penye uwazi hawana budi kuruka mmoja mmoja. Akaruka dume, mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimemzunguka uso mweusi. Wakafuata majike. Mmoja alisita kwenye ncha ya tawi mpaka mtoto alipomkamata vizuri tumboni, ndipo akaruka. Tukapata 31. Walipovuka barabara tukarudia: 33. Wawili walikuwa vitoto ambao macho yetu yaliwapita.

Kima huyu asili yake ni Unguja tu, duniani kote. Kwa miaka mingi ilidhaniwa amekaribia kwisha. Watafiti walipokizunguka kisiwa kizima, matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yakaonyesha wako zaidi ya 5,800, mara tatu ya ilivyodhaniwa. Tulifurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Ila hesabu ileile ilisema kuna misitu minne aliyokuwamo zamani na sasa hayumo tena. Hilo hatukulizungumza barazani.

Wazee wangu wenye minazi, machungu yenu nayajua. Miaka ya 1990 watafiti walihesabu nazi changa zilizoliwa kwenye mashamba jirani na msitu wa Jozani, wakazilinganisha na mavuno. Mavuno hayakupungua; palipoliwa zaidi, nazi zilizovunwa zilikuwa nyingi zaidi. Huenda ni kwa kuwa vidaka vingi vingepukutika vyenyewe, na vinavyobaki hupata nafasi ya kukua. Bila kuhesabu, tungeendelea kumshuku tu.

Basi naomba hivi. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kila shehia itoe vijana wanne, waingie wote saa ileile ya asubuhi ili kundi moja lisihesabiwe mara mbili. Wakae mbali, wasiwalishe, wasiwakimbize. Waandike mahali, saa, madume, majike na watoto, kisha warudie, kwa sababu vitoto hupotea machoni kama vilivyotupotea sisi. Daftari libaki kwa sheha, nakala iende kwa maofisa wa misitu. Na anayetaka kufyeka msitu wa maweni kwa kuni, mkaa, chokaa au kiwanja, kwanza aende kwa sheha alifungue daftari lile mbele ya majirani, aone ni kundi gani linalala hapo na lina watoto wangapi. Msitu wa maweni ukishakatwa mpaka kwenye jiwe, hauoti tena kwa msimu mmoja.

Madereva wa njia ya Makunduchi, matuta ya Jozani yaliwekwa kwa sababu kima walikuwa wakigongwa. Pasipo na tuta napo punguzeni mwendo. Ukimkuta kima amekufa, mwambie sheha, naye aandikwe.

Jumamosi ijayo mimi na mwenzangu tutakuwa chini ya mkungu uleule kabla jua halijatoka. Njooni na kalamu, na mwenye macho makali ya kuona vitoto akae mbele.