Udongo Mfu Si Kinga ya Miche
Hoja kwamba udongo wa kusia mbegu ndani ya banda kitalu ni salama pale tu kila kijidudu kilipouawa inasahau maji ya kumwagilia. Pithiamu, chanzo kimojawapo cha ugonjwa wa kinyausi, huingia na maji hayo au trei chafu, na isipokuta mpinzani hutamalaki: shina hulainika usawa wa udongo, mche ukalala. Mpinzani mmojawapo ni kuvu wa Trikodama: hukaa kwenye mizizi, hujisokota kwenye nyuzi za vimelea na kuziyeyusha kwa vimeng'enya. Na udongo hauhitaji kuuawa wote: mvuke uliochanganywa na hewa, nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika 30, huua vimelea vingi na kubakiza bakteria wengi wenye manufaa. Kuupasha joto zaidi ya hapo ni hasara. Kweli, Trikodama haiponyi mche uliokwisha kuoza. Ndiyo maana hutiwa kabla ya kusia.