KIJIKO CHA MBELE KIFUNGULIWE LINI?



Maneno yamekuwa mengi gulioni na penye mbege juu ya kijiko cha mbele cha trekta letu. Wa mlimani wanasema kisifunguliwe kamwe, maana samadi haijipakii. Wa tambarare wanasema kinawachelewesha kulima, na masika haimsubiri mtu. Sisi tunaona wote wana haki, ila si kwa siku moja.

Tuanze na kulima, maana ndipo ugomvi ulipo. Kijiko na mikono yake ni mzigo wa chuma unaoning'inia mbele ya ekseli. Usukani unakuwa mzito, tairi za mbele zinakwisha upesi, na kwenye udongo mweusi zinazama. Mwisho wa shamba trekta limekuwa refu, halikati kona, linakula kipande cha jirani, kesi inaanza. Wapo wanaosema eti kijiko kinazuia pua isiinuke plau ikiwa nyuma. Kweli pua huinuka, lakini dawa yake ni vile vyuma vya uzito vinavyofungwa mbele. Basi kwa plau, haro na kupanda, kijiko kifunguliwe. Majaruba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni ndiyo usiseme, tope halitaki uzito. Hata kuvuta tela la mabua ya ng'ombe kupanda mlimani, kijiko cha nini?

Samadi, mchanga na moramu ya kuziba makorongo baada ya mvua, hapo kifungwe. Lakini nyuma pafungwe uzito pia. Hapa tusikilizane vizuri, jamani. Trekta kama letu lina breki magurudumu ya nyuma tu. Kijiko kikijaa, nyuma panakuwa pepesi, na gurudumu jepesi halishiki ardhi hata dereva asimame juu ya pedali. Mteremko wa kutoka vihambani kushuka Moshi mnaujua wenyewe. Kijiko kilichojaa kibebwe chini, gia iwe ndogo tangu juu, na trekta lisikatishe mteremko kiubavu. Na watoto wasipande kwenye kijiko. Tumewaona!

Dereva analalamika kufungua ni kazi. Ni kazi, lakini si ya kutisha. Trekta lisimame mahali pagumu, pasipo mwinamo. Kijiko kitue, miguu yake ishushwe, injini izimwe, vishikio vichezeshwe mpaka presha iishe, ndipo mipira ya mafuta ichomolewe. Midomo yake ifunikwe papo hapo, kwani mchanga kidogo tu unaua vali na pampu. Kisha kijiko kikae ghalani, si mvuani.

Tunapendekeza hivi: Januari kijiko kifanye kazi ya samadi. Februari kifunguliwe, kisirudi mpaka kupanda kwishe, labda barabara ikatike kabisa. Baada ya masika kirudi kwenye moramu na samadi ya mlimani.

Anayetaka kupakiwa Januari aandikishe jina kwa Katibu mapema. Atakayekuja Februari atapewa koleo.