Ati Mwanamke Hana Kichwa cha Sataranji

Wako watu, na baadhi yao ni wenye elimu, walishikao neno hili kama mtu ashikavyo urithi wa babake: ati mwanamke hakuumbwa kwa mchezo wa sataranji. Mchezo huo, ambao vijana wa leo huuita chesi, wataka fikira ndefu, ustahimilivu na moyo wa vita. Na sifa hizo, wasema, waligawiwa wanaume. Ushahidi wao ni mmoja tu. Hutuuliza, "Ni mwanamke gani aliyepata kuwashinda wanaume wote akawa bingwa wa dunia?" Tukinyamaza hucheka, wakadhani kwamba shauri limekwisha.

Mimi sikubali. Wala sitawajibu kwa hasira, ingawa ninayo, bali kwa mambo yaliyotukia.

Mwaka 1929, katika mji wa Carlsbad, nchi iliyoitwa wakati huo Chekoslovakia, mabingwa 22 walikutana kushindana. Kati yao alikuwako mwanamke mmoja tu, Vera Menchik, mzaliwa wa Moscow, aliyeupata ubingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake huko London mwaka 1927. Albert Becker wa Vienna alifanya mzaha: yeyote atakayeshindwa na mwanamke huyu aandikwe kuwa mwanachama wa Chama cha Vera Menchik. Mwanachama wa kwanza akawa Becker mwenyewe! Ni kweli, wala sifichi, kwamba Menchik alishika mkia katika mashindano yale. Lakini chama kile kiliendelea kupata watu. Hata Max Euwe wa Uholanzi, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1935, aliingia, tena mara mbili. Menchik aliuawa na bomu la Wajerumani huko London mwaka 1944, angali akishikilia ubingwa wake.

Sasa na tutazame walivyotendewa waliomfuata. Huko Hungaria, László Polgár aliamini kwamba kipaji hufinyangwa, hakizaliwi. Akawafundisha binti zake watatu, Zsuzsa, Zsófia na Judit, tangu wangali wadogo. Mwaka 1986 Zsuzsa, aliyekuwa bado msichana, alistahili kuingia katika hatua za awali za kumtafuta bingwa wa dunia. Akazuiwa. Kwa nini? Kwa kuwa mashindano yale yaliandikwa jina la wanaume! Wala mambo hayakuishia hapo. Mwaka uo huo FIDE, yaani Shirikisho la Sataranji la Dunia, iliamua kuwaongezea wanawake alama 100 katika orodha ya kupimia nguvu za wachezaji. Wote, isipokuwa Zsuzsa. Ikaelezwa kwamba wenzake walizoea kucheza wao kwa wao, kwa hiyo alama zao zilikuwa chini kuliko haki yao, hali yeye alizipata zake kwa kupambana na wanaume. Hoja hiyo twaweza kuisikiliza kwa subira, kisha tukauliza: ni mbio gani hizo ambazo wakimbiaji wote husogezwa mbele hatua mia, akaachwa nyuma mmoja, kwa kosa la kufanya mazoezi na wenye mbio? Kwa mchoro mmoja wa kalamu binti yule akaondolewa kileleni.

Mdogo wake, Judit, hakutaka kabisa kuugombea ubingwa wa wanawake. Mwaka 1991, akiwa na miaka 15, alipata cheo cha Bingwa Mkuu, akaivunja rekodi ya umri iliyowekwa na Bobby Fischer mwaka 1958. Huyo Fischer ndiye aliyejigamba kwamba aweza kumwachia mwanamke yeyote farasi mmoja na bado amshinde. Garry Kasparov naye aliwahi kuwadharau wanawake. Mwaka 2002, mjini Moscow, katika mchezo wa muda mfupi, Judit akamshinda. Mwaka 2005 alikuwa wa 8 duniani.

"Huyo ni mmoja tu," wapinzani wangu watasema. Naam, ni mmoja. Lakini mtu mwenye ekari mia za mahindi akishindana na mwenye kitalu cha robo ekari, kila mmoja alete shina lake refu kuliko yote, tutastaajabu wa kwanza akishinda? Nani atasema kwamba udongo wa kitalu ni mbovu? Wasichana wanaoketishwa mbele ya ubao wa sataranji ni wachache mno, na wanaobaki hapo hadi utu uzima ni wachache zaidi.

Tena sipendi desturi ya vyeo vya nafuu. Mashindano ya wanawake yana faida, kwani huwapa wasichana wenzao wa kucheza nao, na fedha ya kuendelea. Lakini Bingwa Mkuu hutakiwa kufikia alama 2500, na Bingwa Mkuu wa Wanawake 2300. Huo ni ukarimu gani? Nona Gaprindashvili wa Georgia, mwanamke wa kwanza kupewa cheo kamili, mwaka 1978, hakuomba apunguziwe bei.

Katika shule moja niliyopata kufundisha, chama cha sataranji kilikutana kila Ijumaa jioni: wavulana kumi na wanane, wasichana wawili. Siku moja tulitembelewa na wageni. Nilipoingia niliwakuta wasichana wale wawili wakiosha vikombe, na mbao zote zimeshikwa. Nikauliza ni nani aliyewatuma. Wakasema hakuna aliyewatuma. Nahodha akathibitisha, bila kuinua macho kutoka kwenye kete zake, kwamba hakuna. Ijumaa iliyofuata nilibandika ukutani orodha ya zamu za vikombe, nikaanza na jina la nahodha. Alikwenda kunishtaki kwa mwalimu mkuu.