Istilahi Pekee Hazifikishi Maji Shambani

Ni jambo lisilopingika kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili hujivunia istilahi. Tunajadiliana kutwa kucha iwapo mtambo ule uitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, tulipata ithibati kwamba lugha yetu inaimudu teknolojia. Hata hivyo, likizo yangu ya majuzi nyumbani Ahero ilinifunulia pengo ambalo orodha za istilahi haziwezi kuliziba.

Binamu yangu, anayesomea kompyuta, alikuwa na kazi ya kuwasilisha chuoni Jumatatu. Alitakiwa kuunganisha mashine pepe mbili, yaani kompyuta zinazoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi, kila moja ikiwa katika kipakatalishi chake. Alitumia programu ya VirtualBox. Kila mashine ilifika kwenye intaneti, lakini zenyewe kwa zenyewe hazikuonana. Maelekezo ya Kiingereza alikuwa ameyafuata neno kwa neno bila kuyaelewa, akaniomba tuyapitie kwa Kiswahili. Mimi niliyekariri kurasa nzima za istilahi sikuweza kumwambia hata hatua ya kwanza.

Mjomba wetu, mkulima wa mpunga katika mashamba yanayonyunyiziwa maji ya Mto Nyando, alikuwa akitusikiliza. "Maji yasipofika jarubani," akasema, "hatuulizani jina la mfereji. Tunaanzia jarubani, tunapanda lango kwa lango hadi penye pampu. Ninyi, wanangu, mmekagua lango gani?"

Tukaanza upya. Tulipotazama anwani za mashine zile, zote mbili zilikuwa 10.0.2.15. Si ajabu: katika mpangilio wake wa kawaida, uitwao NAT, VirtualBox huificha kila mashine pepe nyuma ya kompyuta iliyoibeba na kuipa anwani hiyo hiyo. Binamu alikuwa ameijaribu anwani hiyo kwa amri ya ping na kupata jibu, akafurahi. Kumbe mashine ilijijibu yenyewe! Tukabadili mpangilio uwe wa daraja, na kila mashine ikapewa anwani yake na ruta ya nyumbani, kama kompyuta nyingine yoyote. Bado kimya. Tukajaribu vipakatalishi vyenyewe, vikajibizana. Basi kizuizi kilikuwa ndani zaidi: ngome, yaani programu ya ulinzi, katika mojawapo ya mashine pepe ilikuwa ikizikataa ping. Tulipoiagiza iziruhusu, majibu yakaja.

Wapo watakaosema kwamba tusanifishe istilahi kwanza, maelezo yatafuata. Sipingi usanifishaji. Lakini usiku ule maneno ping na NAT tuliyaacha yalivyo, na hayakutuzuia kuelewa. Kilichotukwamisha ni kukosa mpangilio wa mawazo: anza hapa, ikiwa jibu limekuja, hakikisha limetoka kwa nani, lisipokuja, rudi hatua moja. Viunganishi hivyo tunavyo tangu jadi. Mkulima wa Ahero anavitumia kila msimu, ilhali sisi wasomi hatujavitia katika maandishi ya kiufundi.

Kwa hivyo, napendekeza kila mwanachama wa chama chetu aandike ukurasa mmoja wa kutatua hitilafu moja kwa Kiswahili, kisha ampe mtu mwenye hitilafu hiyo aufuate bila msaada. Akikwama, kosa ni la mwandishi. Nao wahadhiri wetu wazikubali kurasa hizo kuwa kazi halali ya somo la tafsiri na istilahi.

Binamu aliwasilisha kazi yake Jumatatu. Mjomba hakungoja kuona majibu yakija. Zamu yake ya maji ilikuwa alfajiri, na lango lilikuwa likimsubiri.